Mfereji wa meli, ukianzia Beni

SWALI: Niko mwaka wa sita wa sekondari, tawi la ujenzi, hapa Beni. Natamani siku moja kusimamia mfereji wa meli kama Suez au Panama. Huku kwetu tuko mbali na bahari. Nianzie wapi?

JIBU: Mdogo wangu, nchi yetu yenyewe ina njia kubwa ya meli. Kati ya Banana na Matadi, karibu kilomita 150, meli za bahari hupanda mto Kongo, na mchanga wa chini huhamahama. Shirika la serikali la CVM (zamani RVM), lenye makao Boma, ndilo hupima kina, huweka maboya na huchimba mchanga ili meli zisikwame. Kazi hiyo haiishi.

Kwa hiyo soma maji kabla ya zege. Hapo nasisitiza sana. Panama hupandisha meli mita 26 kwa kutumia maji ya ziwa Gatun. Mvua ilipopungua mwaka 2023, wasimamizi walilazimika kupunguza idadi ya meli zinazopita kila siku. Msimamizi wa mfereji ule hulinda vyanzo vya maji kama anavyolinda milango inayofungia maji hayo ili meli zipande.

Chuo cha IBTP Butembo kitakupa msingi wa ujenzi. Hata sasa, baada ya mvua kubwa, tazama bomba linalopitisha maji chini ya barabara ya Butembo: pima shimo ambalo maji yamechimba upande yanakotokea, andika, rudi mvua nyingine. Kifaransa kitakutosha Boma; kwa Suez ongeza Kiingereza, kwa Panama Kihispania.