Mwaka Mzima wa Kula Nje na Kusafiri: Isome Stetimenti Yako Kabla ya Njaanuari

Mwaka ukielekea kuisha, wengi wetu hupitia picha kwenye simu: ile choma ya Kenyatta Market, ile wikendi ya Mombasa, arusi ya binamu kule Kisii, matanga mawili ya nyumbani. Picha hazina bei. Stetimenti inayo. Leo tukae pamoja tuisome pole pole, hasa upande wa chakula na safari, maana huko ndiko pesa hutoka kidogo kidogo bila mtu kushtuka.

Kwenye hesabu zetu tutatumia ada za M-PESA kwa sababu ndizo Wakenya wengi wamezizoea. Kama unatumia huduma nyingine, badilisha tarakimu tu. Njia ni ile ile.

Kwanza, itoe. Kwenye programu ya simu, omba taarifa ya miezi 12. Itakuja kwa barua pepe kama faili iliyofungwa, na nambari ya kuifungua italetwa kwa SMS. Hiyo nambari si PIN yako. Mtu akikuomba PIN eti akusaidie kufungua stetimenti, huyo ni mwizi, hata kama ana sauti tamu ya ofisi.

Ukurasa wa mwanzo una muhtasari: pesa ulizotuma, ulizopokea, ulizotoa kwa wakala, ulizolipa kwa paybill na ulizolipa kwa tili. Watu wengi wakifika hapo wanaona jumla kubwa, wanafunga faili na kwenda kunywa maji. Usitishwe na ile jumla. Kama dada alikutumia 5,000 ukazipeleka kwa mama siku hiyo hiyo, zimeandikwa kwenye kuingia na kwenye kutoka, lakini hazikuwa zako. Zilipita tu. Ziweke kando.

Tafuta chakula

Hapa utahitaji subira kidogo. Jina la biashara kwenye stetimenti mara nyingi silo lililo kwenye kibao cha mlangoni. Ulikula samaki mahali panapojulikana kwa jina fulani, lakini tili imesajiliwa kwa jina la mwenyewe au la kampuni yake. Saa husaidia. Malipo ya saa saba mchana siku ya kazi ni lanchi. Malipo ya saa nne usiku Ijumaa, unajua mwenyewe.

Tuchukue mfano wa mtu anayefanya kazi mjini Nairobi na wazazi wake wako Kakamega. Lanchi yake ni 250 kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki 48. Hiyo ni 60,000. Mara mbili kwa mwezi anatoka na marafiki, na kila mara inamgharimu kama 1,800. Kwa mwaka, 43,200. Alienda nyumbani mara tatu kwa nauli ya 1,300 kwenda na 1,300 kurudi, na Desemba akaenda kwa 2,500 na kurudi kwa 1,500. Nauli zote za nyumbani: 11,800.

Ukimuuliza huyu mtu pesa zake zilienda wapi, atakwambia ni safari, kwa sababu nauli ya Desemba ndiyo iliyomuuma. Kumbe lanchi peke yake ni zaidi ya mara tano ya nauli zote hizo. Hatusemi aache kula. Mtu wa kazi lazima ale, na kwa mji kama Nairobi 250 si anasa. Tunachosema ni kwamba kinachouma siku moja na kinachomaliza pesa mwaka mzima mara nyingi ni vitu viwili tofauti.

Sasa angalia jinsi alivyolipa. Ukilipa kwa tili hukatwi chochote. Mwenye biashara ndiye anayekatwa. Lakini mama wa kibandaski akikupa Pochi la Biashara au nambari yake ya kawaida, unakatwa kama mtu aliyetuma pesa. Kuanzia 101 hadi 500 ni shilingi 7. Shilingi 7 kwa siku 240 za kazi ni 1,680. Kuna wanaopendekeza umlipe mara moja kila Ijumaa: 1,250 kwa mkupuo hukatwa 23 badala ya 35. Sisi hatuoni kama hizo 12 ni za kugombania. Mama huyo anahitaji pesa ya sokoni kila asubuhi, na daftari la madeni ya wateja ndilo limefunga vibanda vingi.

Mahali pa kugombania ni kwingine.

“Nakutumia sai”

Meza ya watu sita. Bili imekuja 5,400, yaani 900 kila mmoja. Mmoja wenu analipa yote kwa tili ili msimsumbue mhudumu, wengine wanasema, “Nakutumia sai.” Kila anayetuma 900 anakatwa 13. Watu watano, 65. Wangelipa kila mtu 900 zake moja kwa moja kwenye ile tili, makato yangekuwa sifuri. Hoteli nyingi hazina shida na hilo. Mhudumu anataka tu zile SMS zifike na jumla itimie.

Lakini hizo 65 si kitu ukilinganisha na wale wawili ambao hawatumi. Mmoja simu imezima. Mwingine anasubiri mshahara, halafu anasahau, na wewe unaona aibu kumkumbusha kwa sababu ya 900. Hapo umebeba 1,800 za watu. Ikitokea mara nne kwa mwaka ni 7,200.

Hebu zipime hizo 7,200. Kwa mtu asiye na ajira ya mshahara, mchango wa chini wa bima ya afya ya SHA ni 300 kwa mwezi kwa nyumba moja, na hulipwa kwa mwaka mzima, 3,600. Kama wazazi wako kule kijijini wako kwenye kiwango hicho cha chini, nyama ya wenzako ingewalipia miaka miwili. Ni hesabu ya kukera, tunajua. Lakini ndiyo hesabu ambayo hukujia usiku ukiwa umesimama kwenye dirisha la hospitali, ukiambiwa mgonjwa hajalipiwa.

Kwenye stetimenti, tafuta malipo makubwa ya tili ya usiku, kisha angalia pesa ulizopokea saa mbili tatu zilizofuata. Utaona nani alituma. Usifungue kesi za mwezi wa tatu, zimeshapita. Ila meza ijayo, bili ikifika, soma nambari ya tili kwa sauti na kila mtu alipe chake. Anayekuja na wewe kwa chakula kweli hatakasirika.

Jambo dogo la pembeni: kwenye hoteli nyingi bei za menyu tayari zimejumuisha VAT ya 16% na ushuru wa utalii wa 2%. Kama menyu inasema hivyo na risiti imeongeza tena juu, uliza kabla ya kulipa.

Kula kwa kufuliza

Ukiona kwenye stetimenti Fuliza imesogea karibu na malipo ya hoteli, simama hapo. Fuliza ilianza Januari 2019 na ni msaada mkubwa ukikwama stejini usiku na nauli imepungukiwa na 100. Kwa mlo wa wikendi ni hadithi nyingine. Kuna ada ya 1% ya kuifungua, halafu makato ya kila siku yanayotegemea kiasi unachodaiwa. Chakula kiliisha Ijumaa, wewe bado unakilipia Jumatano.

Na si makato tu. Pesa yoyote inayoingia kwenye laini yako huchukuliwa kwanza kulipa deni. Ndugu zako wakichanga za dawa ya baba na kuzipitisha kwako, mfumo haujui kwamba ni za dawa. Unajua tu kwamba unadaiwa. Kama wewe ndiye mweka hazina wa familia, na kila familia ina mmoja, kaa bila deni kwenye hiyo laini, au pesa za mchango zipokelewe na mtu mwingine.

Upande wa safari

Safari ya Mkenya wa kawaida kwa mwaka ni za kwenda nyumbani: Krismasi, Pasaka, mazishi, ruracio, kupeleka mtoto shule. Hizi huwezi kuzifuta, na si kazi yetu kukwambia uzifute. Unachoweza ni kuzitenganisha zile zenye tarehe na zile za ghafla. Krismasi haijawahi kuhama. Nauli yake hupanda kila mwaka. Yule mtu wetu wa Kakamega alihitaji 4,000; akiweka 400 kila mwezi kwenye akiba iliyofungwa kuanzia Februari, mwisho wa Novemba ziko tayari. Zile za ghafla, yaani msiba na ugonjwa, zitengee mfuko wake.

Safari za raha nazo, angalia kingo zake. Kwa treni ya SGR kutoka Nairobi hadi Mombasa, daraja la kawaida lilikuwa 1,000. Tangu Januari 2024 ni 1,500, na daraja la kwanza likatoka 3,000 hadi 4,500. Watu hupanga bajeti kwa hizo namba. Lakini treni inaondokea Syokimau na kukushusha Miritini, si mjini. Kufika Syokimau alfajiri na begi, na kutoka Miritini hadi unakolala, ni pesa nyingine. Habari njema ni kwamba ukifika, kuvuka feri ya Likoni kwa miguu ni bure, na mihogo na dafu pale Mama Ngina havitakufilisi.

Kinachofilisi barabarani ni kutoa pesa vipande vipande. Kutoa kwa wakala 500 hukatwa 29. Kutoa 2,500 pia hukatwa 29. Ukitoa 500 mara tano njiani, umelipa 145 kwa pesa ambazo ungezitoa kwa 29. Ukivuka shilingi moja tu, 2,501, makato yanaruka hadi 52, kwa hivyo jua mpaka uko wapi. Kwenye stetimenti makato ya kutoa yana mstari wake kila mara. Yajumlishe uone mwaka mzima umelipa ngapi. Sisi tulipofanya zoezi hili pale ofisini, huo ndio mstari ulioleta kelele zaidi.

Na stejini, ambapo makanga anakupigia kelele nambari huku gari linasonga, soma jina kwanza kabla ya kuweka PIN. Ukikosea, tuma ile SMS ya malipo kwa 456 mara moja, kabla aliyepokea hajazitoa.

Ukimaliza kusoma, usiipeleke stetimenti kwenye kikundi cha WhatsApp ili mcheke pamoja. Ina majina ya kila mtu uliyemtumia na aliyekutumia, na wengi wao hawakukupa ruhusa. Ihifadhi kwenye barua pepe yako. Ya mwaka ujao utaiomba mwezi kama huu, uziweke mbili sambamba.