Spika zisizo na waya na sabufa: tazama mgongoni kwanza

Kabla hujatoa faranga zako, igeuze spika uitazame mgongoni. Ikiwa unapanga kuiongezea sabufa, leo au mwakani, jibu liko huko: je, kuna tundu lililoandikwa SUB OUT, la kuipelekea sabufa sauti? Spika nyingi ndogo za Bluetooth hazina. Zina tundu la kuchajia na pengine la AUX, basi. Hiyo AUX kwa kawaida ni ya kuingiza sauti, si ya kuitoa, kwa hiyo sabufa haitapata kitu hapo.

Dukani nako eleza vizuri. Ukitaja sabufa tu, unaweza kuletewa seti nzima, sanduku la besi pamoja na vispika vyake. Wewe unataka sanduku la besi peke yake, lenye amplifaya ndani.

Chaguo ninalolipendekeza kwa sebule ya kawaida ya Kanombe, hapa Kigali, ni jozi ya spika zenye amplifaya yake, zinazopokea muziki wa simu kwa Bluetooth na kuipa sabufa besi kwa waya. Edifier R1280DBs ni mfano mmoja. Waya huo mmoja uvumilie, upitishe pembeni mwa ukuta. Ukitaka kuuepuka kabisa, nunua kila kitu kwa mtengenezaji mmoja: sabufa za Sonos hushirikiana na vifaa vya Sonos tu, na sabufa isiyo na waya inayouzwa na saundiba kwa kawaida haimtambui mgeni.

Usichoweza kufanya ni kuchanganya ovyo, spika zikapokea kwa Bluetooth na sabufa ikapokea kwa njia yake. Bluetooth huchelewesha sauti, mara nyingi kwa milisekunde 150 au zaidi. Sauti husafiri karibu sentimita 34 kwa kila milisekunde. Piga hesabu: ni sawa na kuweka ngoma mita 50 kutoka kwenye kochi na mwimbaji mbele yako. Hakuna kitufe cha sabufa kitakachorekebisha hilo.

Wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, hasa zile za PMPO, zipuuze. Tafuta RMS, yaani wati halisi za muda wote, kisha tafuta namba yenye maana zaidi, ile ya hezi inayoonyesha spika inashuka hadi wapi. Sabufa hukabidhiana kazi na spika karibu na hezi 80. Spika inayoishia hezi 150 itaacha shimo katikati, na humo ndimo ulimo uzito wa sauti ya mwanamume na noti nyingi za gitaa la besi. Ukipandisha mpaka wa sabufa hadi 150 ili kuliziba, sikio litaanza kutambua besi inatokea pembe ipi, na muziki utagawanyika. Chagua spika zinazofika 70 au chini yake.

Kisha chumba. Mawimbi ya hezi 40 yana urefu wa mita 8.6, kwa hiyo kati ya kuta mbili zilizoachana mita 4.3 hulundikana ukutani na kufifia katikati. Ndiyo maana aliyekaa katikati ya sebule hulalamika besi haipo huku aliyeegemea ukuta akizidiwa. Weka sabufa mahali pa kochi lako, cheza wimbo ambao besi yake hupanda na kushuka noti kwa noti, kisha inama na uzunguke kando ya kuta. Pale utakaposikia kila noti kwa nguvu sawa ndipo pa kuiweka. Ikishatulia hapo, geuza swichi ya PHASE kati ya 0 na 180, uiache penye besi iliyojaa zaidi. Vioo vya madirisha ya fremu za chuma vikinguruma, vishike kimoja kimoja kwa kiganja umjue mkorofi, kisha umkaze.

Kanombe, kwa kuwa iko kando ya uwanja wa ndege, ina kishawishi chake: ndege. Ikipaa moja, mkono huenda kwenye rimoti, na ikishapita hakuna anayekumbuka kushusha. Besi hupenya matofali kuliko sauti nyingine yoyote, na jirani wa aneksi ndiye anayeipata. Serikali ya Rwanda iliziwekea baa na kumbi saa za kufunga mnamo Septemba 2023, saa saba usiku siku za kazi na saa nane Ijumaa na Jumamosi, na kelele zilikuwa sababu mojawapo. Nyumbani unahitaji kujizuia mapema zaidi ya hapo. Kwa hiyo pendelea sabufa ambayo besi yake hupunguzwa kwa rimoti au simu. Yenye kitufe mgongoni tu, ikishabanwa ukutani, haiguswi tena.

Mwisho, plagi. Soketi nyingi za Rwanda ni za pini mbili za mviringo, na vifaa vinavyotoka Nairobi, Kampala au Dubai mara nyingi huja na pini tatu bapa. Adapta iliyolegea huchezacheza sabufa inapotetema. Mwambie fundi umeme akubadilishie plagi yenyewe, na msimu wa radi ukianza ichomoe usiku.