Chujio la Hewa: La Oili au Kavu?

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nimeuona ukuta huo ukijengwa kwetu nyumbani.

Mjomba wangu, ambaye ndiye hunilipia karo, ana pikapu ya dizeli inayobeba mbolea na mahindi kati ya mashamba ya Endebess na mji wa Kitale. Mwezi wa pili mwaka uliopita, watu wakilima na vumbi limejaa angani, fundi mmoja wa kando ya barabara alimwambia, "Mzee, hili vumbi ni kali. Wacha nikupakie oili kwenye filta, vumbi lote litanata hapo." Mjomba akakubali. Filta yenyewe ilikuwa ya karatasi.

Siku ya tatu gari likakataa kupanda mlima, likawa linatoa moshi mweusi. Fundi yule yule akaing'oa filta akaitupa, akasema gari litatembea hata bila hiyo. Kweli lilitembea, lakini kwa miezi mitatu tu. Kisha likaanza kutoa moshi wa samawati na kula oili. Injini ilipofunguliwa, ringi zilikuwa zimelika na silinda zimejaa mikwaruzo. Pesa za kuitengeneza zilitoka kwenye karo ya muhula wa pili. Nilikaa nyumbani wiki mbili. Siku hizo nilizitumia kuulizauliza mafundi na kusoma, na haya ndiyo niliyojifunza. (Kamusi husema chujio, fundi husema filta. Mimi nitatumia yote mawili.)

Injini hupumua

Petroli haiwaki bila hewa. Kilo 1 ya petroli huhitaji karibu kilo 15 za hewa ili iwake sawasawa. Kwa hivyo lita moja ya petroli hula karibu lita 9,000 za hewa kule Mombasa. Huku kwetu hewa ni nyepesi, kwa kuwa Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Lita hizo za hewa huzidi 10,000.

Sasa fikiria hewa hiyo ni ya mwezi wa pili, trekta linapiga plau upande huu na lori limekutangulia kwenye barabara ya murram. Chembe za mchanga zilizo katika vumbi ni ngumu kuliko chuma cha kawaida. Zikichanganyika na oili ndani ya silinda hufanya kazi ya msasa. Gari la mjomba lilisagwa hivyo.

Aina tatu za chujio

Kwanza kuna bakuli la oili. Hili utaliona kwenye matrekta ya zamani kama Massey Ferguson 35 na 135, na kwenye Land Rover za kale. Hewa hushuka kwa bomba, kisha hugeuka ghafla juu ya oili iliyo bakulini. Vumbi zito haliwezi kukata kona. Hutumbukia kwenye oili. Linalobaki hunaswa na nyavu za waya zilizolowa. Uzuri wake ni kwamba halinunuliwi upya: unamwaga tope, unaosha, unatia oili mpya. Ubaya wake ni kwamba injini ikienda polepole, hewa hugeuka polepole pia, na vumbi laini hupita.

Pili kuna pamba au sponji iliyopakwa oili maalum. Baadhi ya pikipiki hutumia sponji. Ya pamba hupendwa na wenye magari ya mbio. Hupitisha hewa kwa urahisi na huoshwa ikatumika tena. Lakini ikipakwa oili kidogo, vumbi hupita. Ikipakwa nyingi, oili huvutwa ndani na kuchafua sensa ya kupima hewa iliyo kwenye magari mengi ya siku hizi.

Tatu kuna karatasi kavu, iliyokunjwakunjwa ili eneo lake liwe kubwa. Vitundu vyake ni vidogo sana, na hunasa hata vumbi laini. Ajabu ni kwamba ikianza kushika vumbi hunasa vizuri zaidi, mpaka izibe. Hapo lazima ununue nyingine.

Hesabu ndogo

Tuseme filta moja inanasa vumbi 99 katika kila 100, na nyingine 97. Wengi watasema, "Tofauti ni mbili tu!" Lakini injini haijali vumbi lililonaswa, inajali lililopita. Ya kwanza imepitisha 1, ya pili imepitisha 3. Hiyo ni mara tatu.

Basi tuchague ipi?

Jibu la kwanza ni hili: fuata injini ilivyoundwa. Trekta lenye bakuli la oili liachiwe bakuli lake, lakini katika msimu wa kulima likaguliwe kila siku. Oili isipite alama, kwa sababu ikizidi itavutwa ndani ya injini. Injini ya dizeli inaweza kuiunguza kama mafuta yake ya kawaida na kukimbia ovyo bila kuzimika.

Kwa gari la kawaida la siku hizi hapa kwetu, mimi nachagua karatasi kavu. Vumbi letu ni jingi na laini, na karatasi haihitaji mtu wa kupima oili ya kupaka. Mwenye filta ya pamba asilaumiwe, mradi aioshe na kuipaka kwa kipimo. Lakini karatasi isipakwe oili kamwe. Vitundu vyake huziba na injini hukabwa koo. Na kuendesha bila filta ni kukaribisha msasa nyumbani.

Utunzaji

Tusiigonge filta kwenye tairi, jinsi tunavyozoea kuona. Karatasi huchanika au ukingo wake hupinda, na vumbi hupita pembeni. Ukilazimika kuipuliza, tumia presha ndogo, kutoka ndani kwenda nje, kisha uimulike kwa tochi: ukiona mwanga kama wa tundu la sindano, tupa. Kagua pia mipira na klipu za bomba, maana filta nzuri kwenye bomba lililopasuka haina faida.

Wapo wasemao kuwa filta chafu hula petroli. Hilo ni kweli kwa magari ya kabureta. Utafiti wa maabara ya Oak Ridge, Marekani, mwaka wa 2009, ulionyesha kuwa katika magari ya petroli ya kisasa matumizi ya mafuta hayabadiliki sana. Kinachopungua ni nguvu. Kwa hivyo usingoje petroli ikuambie. Kitabu cha gari kikisema ubadilishe baada ya kilomita fulani, ujue hesabu hiyo ni ya barabara safi. Sisi wa Endebess tubadilishe mapema.

Mjomba sasa huweka filta mpya ya karatasi nyuma ya kiti, tayari. Juzi aliniambia, "Kijana, bei ya hii si kitu. Nilinunua moja kwa karo yako."

Jipime

1. Kwa nini lita moja ya petroli huhitaji hewa nyingi zaidi Kitale kuliko Mombasa?
2. Filta moja hunasa 98 katika 100, nyingine 99. Ya kwanza hupitisha vumbi mara ngapi zaidi?
3. Mweleze mzazi wako, kwa sentensi mbili, kwa nini karatasi haipakwi oili.

Kiswahili kitukuzwe!