Kushusha Gari na Kona za Lushoto

Barabara itokayo Mombo kwenda Lushoto hupanda kiasi cha mita 1,000 katika mwendo wa kilometa 33 hivi, ikipita Soni na kujikunjakunja kati ya ukuta wa mlima na bonde. Baadhi ya wenye magari madogo hukata springi ili gari likae chini, wakiamini kwamba litashika kona vizuri zaidi. Katika somo hili tutaipima imani hiyo kwa hesabu, kisha tutauliza gari lishushwe kiasi gani.

Tuchukue gari la kilo 1,200. Upana kati ya magurudumu ya kushoto na ya kulia ni mita 1.5, na kitovu cha uzito kiko sentimeta 55 juu ya barabara. Katika kona, msuguano huvuta tairi kuelekea ndani ya tao, nao hutenda kazi chini kabisa, ilhali kitovu cha uzito kiko juu. Tofauti hiyo ya kimo ndiyo itakayo kulipindua gari upande wa nje. Kani ya kutosha kulipindua, ikilinganishwa na uzito wake, ni nusu ya upana ikigawanywa kwa kimo cha kitovu: 75 ÷ 55, yaani 1.36. Tukilishusha sentimeta 3, tunapata 75 ÷ 52, yaani 1.44.

Hata hivyo, msuguano wa tairi na lami kavu ni kama 0.7 tu ya uzito. Lami ikilowa, hushuka hadi karibu 0.4. Kwa hiyo gari hili litateleza kabla ya kupinduka, springi ziwe ndefu au fupi. Katika kona yenye nusukipenyo cha mita 20, mwendo wa kuanza kuteleza ni kipeuo cha pili cha 0.7 × 9.8 × 20, yaani mita 11.7 kwa sekunde, au kilometa 42 kwa saa. Mvua ikinyesha, nayo si mgeni Usambara, ni kilometa 32 tu. Ni kweli kwamba gari lililoshushwa huhamishia magurudumu ya nje uzito pungufu, kwa sehemu 3 katika 55, na dereva huhisi limetulia. Nionavyo mimi, utulivu huo ni mshauri mbaya, kwani humwita aongeze mwendo.

Sasa tupakie kilo 100 za kabichi kwenye keria, mita 1.7 juu ya barabara. Kitovu kipya ni (1,200 × 0.55 + 100 × 1.7) ÷ 1,300, yaani mita 0.64. Kimepanda sentimeta 9, mara tatu ya zile tulizoshusha! Kwa basi dogo jambo ni zito zaidi. Tuseme lina kilo 2,500 pamoja na abiria, kitovu kiko mita 0.9, na upana ni mita 1.45. Uwiano wake ni 0.81. Likibeba kilo 300 juu ya paa, mita 2.2 kutoka chini, kitovu hufika mita 1.04 na uwiano huanguka hadi 0.70, sawa na msuguano wa lami kavu. Gari la namna hii huweza kupinduka pale ambapo lingeteleza tu.

Turudi kwenye gari dogo. Springi ya mizunguko 6 ikikatwa mzunguko 1 huwa ngumu zaidi kwa uwiano wa 6 kwa 5, maana waya unaopindika umepungua. Lakini kikwazo kikubwa ni nafasi chini ya gari. Tumbo likiwa sentimeta 15 juu ya ardhi, na kila springi ya nyuma, yenye ugumu wa niutoni 25,000 kwa mita, ikiongezewa kilo 100 za abiria na mizigo, nyuma hubonyea karibu sentimeta 4. Zimebaki 11. Tuta jembamba la sentimeta 10 linapitika kwa shida. Ukishusha sentimeta 3, zimebaki 8, na bomba la moshi litalikwaruza. Kwa gari hili, basi, kipimo cha kushusha hakifiki hata sentimeta 1, nasi bado hatujahesabu mruko wa gari kwenye mashimo ya njia za udongo za vijijini.

Zoezi: Kwa rula, pima nafasi iliyo chini ya gari la shule likiwa tupu, kisha likiwa limejaa wanafunzi. Kutokana na tofauti hiyo na uzito wa wanafunzi, kadiria ugumu wa springi zake.