Neno « north »

Kila asubuhi jua hutoka mashariki. Mtoto akinyosha mkono wa kuume upande wa kutoka jua, na mkono wa kushoto upande wa kuchwa jua, uso wake waelekea kaskazini. Waingereza huuita upande huo « north ». Wafaransa husema « nord ». Maneno hayo ni ndugu: zamani Wafaransa walitwaa neno lao kwa Waingereza, pamoja na majina ya pande tatu zingine.

Neno « north » lina kazi nyingi. Huonyesha mahali: « the north » ni upande wa kaskazini. Huonyesha njia: « go north » maana yake nenda kaskazini. Likiongezwa mwishoni huwa « northern », yaani « -a kaskazini ». Hivyo Zambia, kabla ya kupata uhuru mwaka 1964, iliitwa Northern Rhodesia. Katika jina la nchi neno hili huanza kwa herufi kubwa. Likionyesha upande tu, huanza kwa herufi ndogo.

Lakini mwanafunzi aangalie sana akisikia « north wind ». Upepo huo hauendi kaskazini, unatoka kaskazini.

Mfano: baharia wa Uvira, mwisho wa kaskazini wa ziwa Tanganyika, amefika Mpulungu katika Zambia, mwisho wa kusini. Ataka kurudi kwao. Aambiwa kwa Kiingereza kwamba kesho kutakuwa « north wind ». Asiyejua hufurahi: « Upepo utanisukuma mpaka nyumbani! » Apakia watu na mizigo, atweka tanga. Kumbe upepo wampiga usoni, mawimbi yaingia chomboni, na watu wote wamo hatarini kufa maji. Ajuaye hungoja bandarini.

Mkondo wa maji, mabaharia huutaja kinyume: kwa upande unakokwenda.

Asemaye Kiswahili anayo njia nyepesi ya kukumbuka. Kaskazi, upepo wa pwani uvumao tangu Desemba mpaka Machi, hutoka kaskazini na mashariki; nalo jina kaskazini latokana nao. Kusi nao hutoka upande wa kusini. Basi, upepo ni kama mgeni: kwanza huulizwa atokako.

Maswali
1. « South wind » hutoka upande gani? Husukuma chombo kwenda wapi?
2. Kwa nini baharia wa Uvira alikosea?
3. Simama uwanjani, uonyeshe pande zote nne.