Mkristo na Uchaguzi: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Januari 1, 2008, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilitiwa moto, na ndani mlikuwa na wanawake na watoto waliokimbilia humo kujisitiri. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 ziliua zaidi ya watu 1,100, katika nchi inayojaza makanisa kila Jumapili. Mimi ni mchungaji Bonde la Ufa, na nimechoka kurudia maonyo haya.

Madhabahuni

USIMPE mwanasiasa kipaza sauti. Akishakishika, waliompinga wanajua kwamba kanisa si lao tena. Mwaka 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwapiga marufuku wanasiasa kuhutubia katika ibada za Kianglikana. Marufuku ya namna hiyo hufa siku bahasha ya harambee inapofika. Anayekununulia mabati atakuja kudai mimbari. Kataa. Mabati yatangoja.

MKARIBISHE aketi na waumini, aimbe, aombewe kama mwenye dhambi mwingine yeyote.

USIOMBEE "mtu wetu" ashinde. Mungu si wakala wa chama. Februari 2008 viongozi wa Baraza la Kitaifa la Makanisa Kenya walikiri hadharani kwamba waliegemea pande. Walikiri watu wakiwa wamekwisha kufa.

Kwenye simu

USISAMBAZE usichokijua. Katika kikundi cha WhatsApp cha kwaya moja, mtu alituma picha ya nyumba inayoungua na maneno mawili: "Wanatumaliza sasa." Hakuna aliyeuliza nyumba ni ya nani wala iko wapi. Jumapili iliyofuata waimbaji wa sauti ya tatu hawakutaka kusimama karibu na wa sauti ya nne. Picha ilikuwa ya nchi nyingine.

ULIZA: wapi, lini, nani ameona? Asiyejibu, futa ujumbe wake. Msimamizi wa kikundi, hiyo ni kazi yako, usijifiche nyuma ya "mimi niliwaongeza tu."

Mdomoni

USIWAITE watu wa kabila lingine "madoadoa", wala usicheke mwingine akisema. Neno hilo lilitangulia kufukuzwa kwa watu mashambani mwao. Na usihamie lugha ya mama jirani anapoingia. Ataelewa vizuri sana kwamba anasemwa.

TAJA sera, barabara, bei ya mbolea. Bishana hata usiku kucha ukitaka. Kabila la mtu si hoja.

Matokeo yakitoka

USILIE wizi kabla ya kusoma. Fomu 34A, ya matokeo ya kura za rais, hubandikwa kituoni palepale kura zinapohesabiwa. Nenda ukaisome.

FUATA mahakama. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais. Mwaka 2022 ilikataa kufuta. Uamuzi ukiwa kinyume nawe, rudi shambani. Na ukiwa umeshinda, usipite na vuvuzela mbele ya nyumba ya aliyeshindwa. Ushangiliaji wa kejeli huanzisha ugomvi.

Kabla ya sadaka

USILETE sadaka huku ndugu yako ana neno juu yako. Yesu ameweka wazi katika Mathayo sura ya 5: iache hapo, ukapatane naye kwanza. Hakusema "isipokuwa mwaka wa uchaguzi."

NENDA kwake. Usitume salamu, nenda kwa miguu yako. Kura ijayo ni Agosti 10, 2027. Mwenye neno na jirani wa kabila lingine aende wiki hii.