Kufundisha Kano za Goti: Somo la Darasani na Uwanjani

Katika mazoezi ya kufundisha tuliyoyasimamia Kikwe, wilayani Arumeru, tulimwona mwanafunzi akianguka katika mchezo wa mpira, amelishika goti. Mwalimu mwanafunzi alimwambia ajikaze, na wenzake wakaanza kumkanda. Asubuhi ileile mwalimu huyo alikuwa amechora goti ubaoni kwa ustadi. Tukatambua kwamba somo hili halikamiliki mpaka limfuate mwalimu uwanjani.

Yampasayo mwalimu kuyajua

Katika goti, mfupa wa paja hukutana na mfupa wa muundi, na mbele yake hukaa pia ya goti. Mifupa hiyo miwili mikubwa hushikwa na kano kuu nne. Kano ya upande wa ndani na ile ya upande wa nje huzuia goti lisipinde kwenda kando. Kano nyingine mbili zimepishana katikati ya kiungo: ya mbele huzuia muundi usisogee mbele, na ya nyuma huuzuia usirudi nyuma.

Kano yaweza kuvutika tu, kuchanika kiasi, au kukatika kabisa. Mguu ukiwa umekita chini na mwili ukageuka ghafla, kano ya mbele huweza kukatika hata bila mtu kugongwa. Kwa mtoto anayekua, kano ikivutwa kwa nguvu mara nyingine hung'oa kipande cha mfupa mchanga.

Zana

Vipande viwili vya mti, misumari minne, kisu na kamba ya katani. Katani inafaa kuliko mpira, kwa kuwa kano hainyumbuki sana.

Hatua za somo

1. Wanafunzi wapapase magoti yao, wayakunje na kuyanyoosha.

2. Vipande viwekwe ncha kwa ncha, vifungwe kamba kila upande. Mwanafunzi ajaribu kuvipinda kando. Kamba ipi imekaza?

3. Mwalimu akate kamba moja, jaribio lirudiwe. Asitangulie kutoa jibu. Wanafunzi waseme wenyewe walichokiona.

4. Wanafunzi waigize huduma ya kwanza: mchezo usimamishwe, majeruhi apumzishwe, mguu uinuliwe, kitambaa chenye maji baridi kiwekwe juu ya goti. Goti lisikandwe, lisivutwe, wala lisimwagiwe maji ya moto. Likivimba upesi, lililia lilipoumia, au mtoto hawezi kuukanyagia mguu, apelekwe kituo cha afya bila kutembezwa.

Swali litakaloulizwa

Wanafunzi watamtaja John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, aliyeumia goti katika mbio za maratoni za Olimpiki kule Mexico mwaka 1968. Alimaliza akiwa wa mwisho, goti limefungwa bendeji, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Tuwasimulie kwa fahari, lakini tuongeze neno moja: Akhwari alikuwa mtu mzima aliyejiamulia mwenyewe. Mtoto aliye chini ya ulinzi wetu humwamini mwalimu amwamulie. Neno «jikaze» ni jepesi kulitamka. Goti lililoharibika huenda likamsumbua mtoto huyo maisha yake yote, shambani na njiani. Basi kabla ya kupuliza filimbi ya kuanza mchezo, mwalimu na ajiulize: akianguka mmoja, nitafanya nini kwanza?